Mkanda ni wa polisi, si wa ajali: uzi kwa wote wanaomjua yule fundi wa viti

Mwalimu_wa_Maseno ameandika:

Waungwana, naandika haya nikiwa nimesimama, kwa sababu hasira niliyo nayo hainiruhusu kuketi, na hata ingeniruhusu, sina imani tena na kiti chochote kilichofungwa na mkono wa binadamu. Leo asubuhi, mbele ya mkaguzi wa magari, mbele ya dereva wangu, na mbele ya foleni ya magari ambayo kwa macho yangu ilifika Uganda, yule fundi wa viti amenitazama usoni bila kupepesa akaniambia: "Mwalimu, mkanda ni wa polisi, si wa ajali."

Jina lake sitalitaja, wala hapana haja. Mwenye matatu yeyote kati ya Kondele na Busia anamjua. Ni yule mwenye ovaroli ya buluu ambayo haijakutana na sabuni tangu enzi za serikali ya nusu mkate, yule ambaye ukimpigia simu huwa yuko njiani hata akiwa amelala kwake, na ambaye juu ya lango la karakana yake ametundika bango linalotangaza kwamba kazi zake ni za viwango vya kimataifa. Ni taifa gani hilo, nauliza, ambamo mkanda wa abiria hufungwa kwa skurubu ya paa?

Naam, skurubu ya paa. Gari langu ni HiAce iliyokuwa ikibeba mizigo kule Japani, na ilipopanda meli haikuwa na doa. Ilikaguliwa huko huko kabla ya kusafirishwa ikapewa cheti cha kufaa barabarani, usukani uko kulia, umri wake haujapita ile miaka 8 inayoruhusiwa na KS 1515, kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari, na ushuru nimeulipa hadi nikahisi kwamba bandari ya Mombasa naijenga peke yangu. Kilichobaki kilikuwa kuigeuza iwe ya abiria 14: viti, mikanda, kidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano. Mstari wa manjano, kusema kweli, ulipakwa vizuri sana.

Mkaguzi aliingia, akavipita viti vya mbele bila neno, akafika kile cha nyuma kabisa, akaushika mkanda kwa vidole viwili na kuuvuta. Hakutumia nguvu, mtoto wa chekechea huvuta kamasi kwa nguvu zaidi. Mkanda ukaja wote, pamoja na kishikizo chake, pamoja na skurubu, naye akafungua kiganja ili sote tuone: skurubu fupi ya kupigia mabati, ile yenye kipete cheusi cha mpira cha kuzuia mvua, kipete chenyewe kikiwa bado kipya. Mkanda wa gari hushikiliwa na bolti ya inchi 7/16 iliyokamata bamba nene la chuma chini ya sakafu, ili mwili wa mtu unaporushwa mbele, chuma ndicho kibebe kishindo hicho. Huyu bwana alikuwa ametoboa bati jembamba la sakafu akaskurubu humo humo, ila alihakikisha kwamba matone ya mvua hayatapenya.

Mkaguzi hakusema kitu. Dereva wangu hakusema kitu. Aliyesema ni fundi, ambaye alikuwa amelifuata gari hadi pale ili adai salio la pesa zake. Alisema, "Mwalimu, mkanda ni wa polisi, si wa ajali," kisha akacheka kidogo kama mtu anayenifariji.

Marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Uchukuzi, alitoa kanuni zake mwaka wa 2003, zikaanza kutekelezwa Februari 2004, abiria wa nissan, yaani matatu ndogo, wakapunguzwa kutoka 18 hadi 14 na kila mmoja akatakiwa kuwa na mkanda wake. Watoto waliozaliwa wakati huo sasa ni watu wazima wenye vitambulisho, na wengine wao, Mungu atuhurumie, ni mafundi wa viti. Leo hii bado tunaambiwa kwamba mkanda ni wa polisi! Tena aliniita "Mwalimu" wakati huo huo akinitukana, jambo ambalo limeniuma kuliko skurubu yenyewe. Gari limekataliwa, na salio bado analidai.

Kibuye_Kwetu amejibu:

Namjua sana. Gari langu aliliwekea viti vilivyobanana hivi kwamba abiria wa safu ya tatu husafiri magoti yakiwa masikioni, na wakishuka Luanda hutembea vivyo hivyo hadi nyumbani kwao. Nilipomlalamikia aliniambia kwamba watu wa siku hizi wamezidi urefu.

Dereva_Mstaafu amejibu:

Mwalimu, nimeisoma insha yako yote na nimekupa alama 38 kwa 40, lakini hujatuambia ulimlipa kiasi gani. Nauliza kwa sababu nimewaona wengi wanaotaka viti vya ndege kwa bei ya viti vya kibanda cha chai.

Mwalimu_wa_Maseno amejibu:

Bei si mada. Hata angenifungia mikanda hiyo bure, hakuna bei duniani inayoruhusu mkanda kung'oka kwa vidole viwili. Na alilitamka neno hilo mbele ya mkaguzi! Angeninong'oneza kando ya gari, ningemezea. Alilitamka kwa sauti, hata kondakta wa gari lililokuwa nyuma yetu akaitikia kwa kichwa.

Fundi_wa_Bodi_Nakuru amejibu:

Mimi nafanya kazi hii hapa Nakuru na ningependa kuwatetea wenzangu kidogo kabla hamjatuzika wote katika kaburi moja. Sakafu ya gari la mizigo haikutengenezwa ili ibebe viti vya abiria, kwa hivyo ni lazima fundi ashuke chini ya gari, apime mahali ambapo hapatagusa tangi la mafuta wala mabomba ya breki, aweke mabamba ya chuma, ndipo afunge fremu za viti na mikanda. Mwenye gari akiambiwa gharama ya mabamba hayo hukunja uso, huuliza kama hayawezi kupunguzwa yakabaki mawili, kisha hutaka gari Ijumaa. Nimewahi kuambiwa na mteja, mtu mzima mwenye mvi, kwamba hayo ya chini hayaonekani na hakuna abiria atakayeinama kuyatazama. Hata hivyo, skurubu ya paa siwezi kuitetea. Hapo mwenzetu ametuaibisha.

Mama_Sienta amejibu:

Mnalilia skurubu, na mimi nitalia nini? Sienta yangu niliinunua katika yadi fulani mnayoijua, ile yenye bendera nyingi. Taa ya mfuko wa hewa ilikuwa ikiwaka na kuzimika vizuri kila ninapowasha gari, nami nikawa natulia. Juzi fundi wa umeme alipofungua kifuniko cha katikati ya usukani alikuta sifongo. Sifongo ya kuoshea vyombo, ya kijani upande mmoja! Ile taa walikuwa wameiunga kwenye waya wa taa ya oili ili ziwake na kuzimika pamoja, nisishuku lolote. Huyo aliyekuambia mkanda ni wa polisi angalau alisema wazi.

Upepo_wa_Ziwa amejibu:

Mama, huenda walikutendea hisani bila kukusudia. Magari mengi ya Japani ya miaka iliyopita yalifungwa vilipulizio vya kampuni ya Takata, yaani vifaa vya kuujaza mfuko wa hewa gari linapogonga, ambavyo ndani yake mlikuwa na nitrati ya amonia, na kemikali hiyo ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu huharibika, kisha siku ya ajali hulipuka kupita kiasi, kasha la chuma likapasuka na vipande vyake kumrukia dereva. Magari ya mamilioni ya watu yaliitwa yarudishwe duniani kote, na kampuni yenyewe ikafilisika mwaka wa 2017. Sasa lifikirie joto letu la Kisumu na unyevu huu wa ziwa. Nambari ya chasisi unaweza kuiingiza katika tovuti ya mtengenezaji wa gari ili ujue kama lako lilikuwamo.

Mama_Sienta amejibu:

Hisani gani? Nililipia mfuko wa hewa nikauziwa sifongo, na wewe unanipa pole ya kemia.

Mwalimu_wa_Maseno amejibu:

Naomba turudi kwenye mada. Mkanda. Mkaguzi. Vidole viwili.

Nyakach_hadi_Minnesota amejibu:

Huku Marekani jambo hilo lisingetokea, kwa sababu gari lenyewe lisingeingia. Gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya usalama vya serikali yao ni lazima lifikishe miaka 25 kwanza. La sivyo, lipitie kwa mwagizaji aliyesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 1988, ambaye huweka dhamana ya asilimia 150 ya thamani ya gari, hubadilisha taa, vioo, mikanda na chochote kisichotimiza viwango, huandika ushahidi wa kila alichobadilisha, na halitoki mikononi mwake hadi serikali iridhike. Akishindwa, gari hurudishwa lilikotoka au husagwa. Mimi nilitamani HiAce ya kubebea mizigo ya kanisa, nikajikuta natafuta ya zamani kuliko mchungaji msaidizi.

Busia_Mpakani amejibu:

Ndugu wa Minnesota, kwa hivyo ninyi mnalikataa gari kwa kuwa halijazeeka, nasi tunalikataa kwa kuwa limezeeka. Hapa kwetu mambo ni magumu zaidi, kwa sababu Uganda inaruhusu magari hadi miaka 15. Shemeji yangu anaishi Busia ya ng'ambo na amesajili gari la miaka 12 bila taabu. Mimi niko Busia ya upande huu, tunaonana kila jioni, na gari kama hilo siwezi kulisajili. Kila anapokuja kunitembelea huegesha mahali ambapo wanangu wataliona.

Mwalimu_wa_Maseno amejibu:

Hongera kwa shemeji. Je, mikanda yake imefungwa kwa nini?

Salgaa_Usiku amejibu:

Mambo ya umri niachieni mimi, ambaye niliuziwa gari lenye kilomita 38,000 kwenye dashibodi ilhali mpira wa pedali ya breki umelika hadi chuma kinang'aa. Nilipoomba ile karatasi ya mnada wa Japani nikaambiwa imelowa maji baharini. Baadaye jirani alinitafutia nakala, na mahali pa alama palikuwa pameandikwa R, yaani gari lilishapata ajali na kutengenezwa. Muuzaji akanieleza kwa upole kwamba hiyo R ni ya "rangi".

Kibuye_Kwetu amejibu:

Huyo wa "rangi" namjua pia. Ni binamu yake yule wa viti.

Dereva_Mstaafu amejibu:

Katika mji huu kila tapeli ni binamu ya mwenzake. Mwalimu, hujajibu swali la bei.

Probox_ya_Bumala amejibu:

Kwa kuwa mazungumzo yameshafika Japani, naomba msaada wenu. Probox yangu, kila ninapoiwasha, kuna mwanamke anayenisemesha kwa Kijapani, kwa sauti ya adabu lakini yenye msisitizo, kisha hunyamaza hadi safari inayofuata. Mke wangu ameanza kuniuliza ni nani. Tena redio haishiki stesheni zetu ila chache tu, na moja kati ya hizo ni ya mahubiri, kwa hivyo tukiwa safarini kila mtu hukaa kimya.

Upepo_wa_Ziwa amejibu:

Huyo hana lawama. Ni kifaa cha kulipia barabara za mwendo kasi za Japani, na anakukumbusha kwamba hujaingiza kadi. Tafuta kisanduku kidogo chini ya usukani au ndani ya sanduku la dashibodi upande wa abiria, ufuate waya wake, uuchomoe, gari halitadhurika. Kuhusu redio, masafa ya Japani huanzia 76, na redio zao nyingi za zamani huishia 90, ilhali zetu huenda hadi 108. Nunua kigeuza masafa, kinachofungwa kwenye waya wa antena nyuma ya redio, au badilisha redio nzima.

Probox_ya_Bumala amejibu:

Nimechomoa waya. Bado anaongea, na sasa saa ya dashibodi imezimika.

Upepo_wa_Ziwa amejibu:

Huo ulikuwa waya wa saa. Urudishe, kisha utafute mwingine ulio mwembamba zaidi, unaoingia kwenye kisanduku chenye tundu la kadi ubavuni.