Mfuko wa wahitimu: tuweke akiba ya kudumu au tulipe ada sasa?

Katibu wa Chama:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni katibu wa chama cha wahitimu wa chuo kimoja kidogo. Nafasi hii niliipata mwaka jana baada ya mtangulizi wangu kuchoka, na hadi leo sijui niseme nilichaguliwa au nilitwishwa. Nilikabidhiwa daftari moja, faili la kompyuta lenye majina 312, na akaunti ya benki yenye fedha za kutosha kulipa ada ya mwaka mmoja ya wanafunzi watatu, basi. Nilipoanza kuwapigia simu watu wa kwenye orodha, jioni moja baada ya nyingine, namba 119 hazikupatikana kabisa, na miongoni mwa waliopokea wapo walioniuliza kabla hata ya kuitikia salamu: "Safari hii ni mchango wa nini?"

Kundi letu la WhatsApp lipo, ila kwa miezi mingi limekuwa la salamu za asubuhi, pole na hongera. Kila ninapotaja ufadhili wa wanafunzi, kimya hutanda hadi mtu atume kichekesho.

Kamati yetu imegawanyika. Upande mmoja unataka fedha zilizopo ziwekwe kama mtaji usioguswa, ili faida yake ndiyo isomeshe wanafunzi miaka yote ijayo. Upande wa pili unataka tuchague wanafunzi watatu wenye shida tuwalipie mwaka huu, kisha mwakani tuone Mungu atatujalia nini. Naomba ushauri wa wenye uzoefu kuhusu lipi ni la busara kati ya hayo mawili, na namna ya kuwarudisha wenzetu waliopotea bila kila simu yangu kuonekana ya kuomba fedha.

Mweka Hazina Mstaafu:

Ndugu Katibu, pole kwa mzigo. Nilishika hazina ya chama kama chenu kwa miaka kadhaa, na mabishano hayo nayafahamu vizuri, kwa sababu mara nyingi huendeshwa na watu ambao hawajashika kalamu wakapiga hesabu.

Mfuko wa kudumu unaoendeshwa kwa uangalifu hutoa kila mwaka kiasi kidogo tu cha thamani yake, kwa kawaida kati ya asilimia 4 na 5, na faida inayobaki hurudishwa ndani ili mtaji usiliwe na mfumuko wa bei. Kwa kiwango cha asilimia 4, ili ulipe ada ya mwanafunzi mmoja kila mwaka bila kuugusa mtaji, unahitaji mtaji wa ada 25. Ninyi mnazo ada 3. Asilimia 4 ya ada 3 ni sehemu 12 katika 100 za ada moja, yaani masomo ya wiki sita hivi. Kamati itakutana, itaandika muhtasari, itatangaza ufadhili, itapokea maombi kwa makumi, halafu imkabidhi mtu wiki sita.

Lakini na hao wa upande wa pili siwaungi mkono, na kosa lao naliona baya zaidi. Kuwalipia watatu kwa mwaka mmoja ni kuwaacha watatu njia panda mwaka unaofuata, kwani mwanafunzi aliyekosa ada akiwa mwaka wa pili ana hali ngumu kuliko aliyeikosa kabla ya kuanza: ameshatumia muda, ameshaacha kazi aliyokuwa nayo, na pengine ameshakopa. Ikiwa kozi za chuo chenu ni za miaka mitatu, fedha mlizo nazo ni za mwanafunzi mmoja, tangu siku ya kujisajili hadi siku ya kuvaa joho. Mchukueni huyo mmoja, zitengeni ada zake zote, na msimtangazie wa pili kabla ada yake ya mwaka wa kwanza haijaingia benki na ya mwaka wa pili haijaahidiwa kwa maandishi.

Kuhusu waliopotea, usiwapigie wewe watu wote. Mwaka 1890 wahitimu wa Yale, chuo kikuu cha Marekani, walianzisha mfuko wa kuchangia kila mwaka, na utaratibu wa kuwa na mjumbe kwa kila kundi la waliohitimu pamoja ulienea katika vyuo vingi kwa sababu iliyo wazi: mtu humkwepa katibu, lakini si rahisi kumkwepa aliyelala naye chumba kimoja. Tafuta mjumbe mmoja kwa kila mwaka wa kuhitimu, mpe majina ya mwaka wake tu, na umwombe akurudishie namba sahihi kabla ya kuomba hata senti moja. Kisha igawe ada ya mwaka katika mafungu 120. Watu 10 wakitoa kila mmoja fungu moja kwa mwezi, baada ya miezi 12 ada imetimia. Fungu la namna hiyo halimtishi mtu, na mjumbe hahitaji hotuba.

Msomaji wa Historia:

Naomba nimpinge kidogo mzee wetu wa hazina, kwa heshima. Mfuko wa kudumu hauanzi ukiwa mkubwa. Mwaka 1643 mjane mmoja wa London, Ann Radcliffe, aliyejulikana pia kama Lady Mowlson, alikipa chuo cha Harvard pauni 100 ili mapato yake ya kila mwaka yamsaidie mwanafunzi maskini, wakati chuo chenyewe kilikuwa bado kichanga. Zaidi ya miaka 250 baadaye, mwaka 1894, chuo cha wanawake kilichoshirikiana na Harvard kilipewa jina lake. Kama angeambiwa asubiri hadi afikishe ada 25, huenda asingetoa kitu.

Kuhusu kuwarudisha waliopotea, naona wahitimu huungana upesi wanapoiona shida kwa macho. Jumuiya ya wahitimu ya Williams College huko Marekani iliundwa mwaka 1821, mkuu wa chuo alipoondoka na baadhi ya wanafunzi kwenda kuanzisha chuo kingine, na waliosoma hapo wakahofu kwamba chuo chao kitafungwa. Hawakukusanywa na salamu za asubuhi.

Mweka Hazina Mstaafu:

Ndugu yangu, sikusema mtaji ni haramu. Mtu mmoja mwenye uwezo akitaka kuacha fedha kwa ajili ya vizazi vijavyo, apokelewe kwa mikono miwili, na akaunti yake itenganishwe na ya ada. Ninachokataa ni kuchukua fungu la mwalimu au muuguzi anayejibana kila mwezi, kulifungia benki, kisha kumwambia kwamba matunda yake atayaona mjukuu wake.

Mhasibu wa Wanafunzi:

Nafanya kazi katika ofisi ya malipo ya chuo, nitakuwa mfupi. Ada ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo kwa jina na namba ya usajili ya mwanafunzi, na stakabadhi zitolewe nakala mbili. Kabla ya kulipa, kiulizeni chuo kwa barua kama kitampunguzia mwanafunzi huyo msaada wake mwingine kwa sababu amepata wafadhili wa nje. Vipo vyuo vinavyofanya hivyo, na mchango wenu ukaishia kuokoa bajeti ya chuo badala ya mwanafunzi. Jambo hili lilileta malalamiko kiasi kwamba mwaka 2017 jimbo la Maryland nchini Marekani lilitunga sheria ya kuvibana vyuo vyake vya umma. Jingine ni tarehe: ada inayofika wiki moja baada ya usajili kufungwa haimsaidii aliyekwisha kuahirisha mwaka.

Niliyefadhiliwa:

Nimesoma michango yote kwa makini, kwa kuwa mimi nilikuwa upande wa pili wa meza. Mwaka wangu wa pili nililipiwa ada na chama cha wahitimu ambacho sitakitaja. Nashukuru, nisingemaliza bila wao. Lakini masharti yalinitaka nihudhurie hafla yao ya mwaka, na pale nikasimamishwa mbele, nikashikishwa ncha moja ya hundi ya bango ndefu kuliko mimi, huku mpiga picha akinielekeza nitabasamu tena kwa sababu picha ya kwanza mwangaza haukutosha. Ile picha ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na maktaba, na kwa mwaka mzima nilikuwa nikizunguka jengo la nyuma ili nisipite pale. Nilipohitimu, chama kilinitumia fomu ya uanachama, nami sikuijaza.

Aliyenirudisha ni mhitimu mmoja wa fani yangu, ambaye kila muhula alikuwa akiniandikia ujumbe mfupi kuniuliza ni somo gani linanisumbua. Hakuwahi kutaja ada, na hata leo sijui kama alichangia. Aliipitia barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi, akaikata nusu, akasema nusu iliyobaki ndiyo mimi. Sasa natoa kila mwezi, na kila muhula nawaandikia wanafunzi wawili.

Kwa hiyo Ndugu Katibu, katika wale wenzako wasiopokea simu, wapo wasio na fedha lakini wanaoweza kumsomea mtu andiko lake au kumweleza usaili unavyokwenda. Ukiwapigia kwa ajili hiyo, hawatakuuliza mchango ni wa nini. Na jina la mwanafunzi libaki chuoni. Watoaji wanatosheka wakiarifiwa kwamba aliyelipiwa amefaulu na ameingia mwaka wa pili.

Katibu wa Chama:

Nawashukuru nyote. Niliipelekea kamati hesabu ya wiki sita, na ukumbi ulitulia. Tumekubaliana kumchukua mwanafunzi mmoja na kutenga ada zake zote za miaka mitatu. Hoja ya mtaji tumeiweka kando hadi atakapotokea mtu wa kuuanzisha kwa fedha zake. Barua ya kuuliza kuhusu misaada mingine imekwenda chuoni juzi, na sharti la kuhudhuria hafla, ambalo kumbe lilikuwamo kwenye fomu yetu ya zamani, ukurasa wa tatu, nimelifuta kwa mkono wangu.

Kwa kuwa sina mjumbe bado, nimeanza na mwaka wangu mwenyewe. Katika watu 10 niliowatafuta kwa ajili ya mwanafunzi wa pili, saba wamekubali fungu la kila mwezi, na mmoja amesema fedha hana ila yuko tayari kufundisha takwimu jioni kwa simu. Wa tisa aliniuliza mwanafunzi huyo ni nani. Nikamjibu kwamba simjui, na hata tukishampata sitamjua, mpaka mwenyewe atake kujulikana. Akanyamaza kwa muda, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza fedha zitumwe tarehe ngapi ya mwezi.