Wenye malori waliotoa magari Vita vya Kagera wakaja kuitwa walanguzi: nani aliwahi kuwaomba radhi?

Wakuu, kila mwaka Siku ya Mashujaa, 25 Julai, nasikiliza kuanzia hotuba ya kwanza hadi ya mwisho, na wenye malori hawatajwi. Nimechoka kunyamaza.

Amin alivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Jeshi halikuwa na magari ya kutosha kubeba askari, risasi na chakula mpaka kule, tena kwa barabara za wakati ule. Malori na mabasi yakachukuliwa, ya mashirika ya umma na ya watu binafsi. Hapo sina ugomvi, nchi ilikuwa imevamiwa. Marehemu mzee wangu alitoa Leyland yake bila kunung'unika. Ilirudi injini imekufa, bodi imepinda, matairi vipara. Alipewa karatasi ya kudai fidia, akazungushwa njoo kesho njoo kesho hadi ile karatasi ikakatika kwenye mikunjo. Hata angelipwa, spea angezipata wapi? Fedha za kigeni zilikwenda vitani, na mafuta nayo yakapanda bei mwaka huohuo wa 1979.

Kampala ilianguka 11 Aprili 1979. Kwa akili ya kawaida, nchi yenye njaa na malori machache inayaacha hayo machache yabebe chakula. Sisi tukakaza mageti ya kukagua mazao barabarani! Kuzuia nafaka kulianza kabla ya vita, nakubali, ila kipindi cha uhaba ndipo kulipoumiza watu. Wakati ule bila kibali huvuki mkoa na zaidi ya kilo 30 za nafaka. Kilo 30 ni kama debe moja na nusu, jamani! Mwenye mamlaka ya kununua na kusafirisha ni NMC, shirika la umma la usagishaji nafaka, na NMC yenyewe magari yake yako juu ya mawe. Mahindi yanaoza Nyanda za Juu Kusini, Dar watu wako foleni ya unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, uliotoka Marekani.

Getini ilikuwa hivi: shusha turubai, mgambo anapanda juu, anachoma magunia kwa bambo moja baada ya jingine, punje zinamwagika barabarani. Kibali kikiwa na tarehe ya jana, mnalala hapo, dereva na utingo wake, na mzigo unanyeshewa.

Halafu 1983 ikaja kamatakamata ya wahujumu uchumi. Walanguzi wa kweli walikuwepo, sikatai. Lakini aliyekutwa na gunia chache za mahindi ya kupeleka kwa wenye njaa naye akawekwa kapu moja nao, hata kama gari lake lilibeba askari wetu miaka minne nyuma. Mwaka uliofuata, 1984, kiwango kikapandishwa hadi kilo 500, na 1987 vizuizi vikaondolewa kabisa. Kumbe iliwezekana!

Nataka mambo mawili. Orodha ya magari yote ya raia yaliyochukuliwa iwekwe hadharani, na familia ambazo hazikulipwa zilipwe. Wenye wazee waliotoa magari, wekeni hapa aina ya gari na mkoa lilikotoka, tuanze kuiandika wenyewe.