MREJESHO: Kupima ushiriki wa wanafunzi darasani

Wakuu, niliuliza hapa nitapimaje ushiriki wa wanafunzi wangu wa takwimu mwaka wa kwanza, maana karatasi ya mahudhurio huwa na saini nyingi kuliko vichwa. Asanteni sana kwa michango.

Aliyeshauri kikaratasi cha dakika ya mwisho, ubarikiwe. Kabla ya kutoka, kila mmoja anaandika kilichomchanganya, bila jina. Kumbe wale mabubu wa viti vya nyuma wana maswali mazito! Mmoja kaandika, kuhusu fomula ya kupima mtawanyiko wa data za sampuli (n ni idadi ya data): "Kwa nini tunagawa kwa n−1, siyo n?" Kipindi kilichofuata nikaanzia hapo.

Dodoso la mtindo wa NSSE, lile la Marekani la kupima ushiriki wa wanafunzi wa vyuo lililoanza mwaka 2000, limefanya kazi nusunusu. Wengi walijaza "mara nyingi sana" kila mstari, nadhani kumfurahisha mwalimu. Nitalirudia matokeo ya mtihani yakishatoka.

Kumbukumbu za Moodle, ule mfumo wa masomo mtandaoni unaoonyesha nani kafungua nini, ndiyo zimegoma kabisa. Mmoja anapakua notsi, darasa zima linazipata kwenye grupu la WhatsApp.

Mwenye darasa kubwa aanze na vikaratasi, ila atafute msaidizi wa kuvisoma.