Njombe, Makete, Isyonje hadi Kyela kwa baiskeli, peke yangu: gia, breki na vipuri

PedaliZaKihesa

Wakuu, habari za wakati huu. Napanga kusafiri kwa baiskeli peke yangu kutoka Iringa hadi Kyela, lakini sitaki kupita Chimala na Uyole kwenye barabara kuu ya Zambia. Njia niliyochora ni Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe, Makete, pembezoni mwa hifadhi ya Kitulo hadi Isyonje, halafu Tukuyu, Kyela, nimalizie Matema ziwani.

Baiskeli ni mtumba ya milimani, inchi 26, fremu ya chuma. Breki ni V-breki, rimu za alumini, spoku 36 nyuma na 32 mbele. Krenki (gia za mbele, kwenye pedali) ina meno 28-38-48, nyuma kuna frii (rundo la gia za gurudumu la nyuma) ya gia saba, meno 14 hadi 28. Mimi, baiskeli na mzigo kwa pamoja ni kama kilo 100.

Naomba kujua: gia hizi zitapanda? Vipuri gani nibebe ambavyo sitavipata Makete? Na mwezi gani unafaa? Nilitamani kuona maua ya Kitulo, ila naogopa tope.

FundiFrii

Dada, nianze na gia, maana hapo hesabu iko wazi. Ukiwa 28 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 2 na kidogo. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, ambayo ndiyo ya chini kwa goti lenye afya, baiskeli inataka kwenda kilomita 7.5 kwa saa. Kwenye mpando wa asilimia 8 na kilo 100, hiyo ni kama wati 180 mfululizo. Mtu wa mazoezi ya kawaida hawezi kuzitoa asubuhi nzima. Utaanza kukanyaga polepole kwa nguvu, na goti litauma kabla ya mapafu kuchoka.

Dawa ya bei nafuu ni kubadili frii tu, uweke ya 14 hadi 34. Hapo unashuka hadi kilomita 6 kwa saa na wati 150 hivi. Dawa kamili ni kuweka na krenki ya 22-32-42. Ukiwa na 22 kwa 34 unapanda kwa kilomita 5 kwa saa, wati 120, na unaweza kuongea huku unapanda. Kwa safari hii mimi ningefanya yote mawili. Kwenye krenki nyingi za bei ya chini gia tatu za mbele zimepigwa riveti pamoja, hivyo usitafute ya 22 peke yake, badili krenki nzima. Kabla ya kulipa, ijaribu kwenye ekseli yako ya kati: ikiwa fupi mno, gia ndogo itakwaruza fremu.

Mambo matatu huharibika hapa. Kwanza, mnyororo wa zamani juu ya frii mpya huruka meno ukikanyaga kwa nguvu, kwa hiyo badili vyote siku moja. Pili, mnyororo ukiwa mfupi, siku utakayoweka gia kubwa mbele na kubwa nyuma utang'oa kibadilisha gia cha nyuma pamoja na sikio la fremu kinapofungwa. Pitisha mnyororo kwenye gia kubwa zote mbili bila kuuingiza kwenye kibadilishaji, kisha ongeza vipingili viwili. Hicho ndicho kipimo. Tatu, kibadilishaji chenyewe kiwe cha mkono mrefu, cha mkono mfupi hakifiki kwenye meno 34. Ukishusha gia ya mbele kutoka 48 hadi 42, shusha na kibadilishaji cha mbele, kikae milimita 1 hadi 3 juu ya meno.

Sasa gurudumu la nyuma, na hapa naomba usome taratibu. Ndilo litakaloamua kama unafika. Spoku za nyuma upande wa kulia, upande wa mnyororo, hukaa wima na kukazwa zaidi kwa sababu frii imechukua nafasi. Za kushoto hubaki zimelegea. Spoku hukatika kwenye kiwiko, pale inapojipinda kuingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu), na chanzo mara nyingi ni kulegea: kila gurudumu linapozunguka inalegea na kukaza, mwishowe chuma kinachoka. Peleka gurudumu kwa fundi anayejua kusikiliza sauti. Spoku zote za upande mmoja zikipigwa kwa kidole ziwe na mlio unaofanana. Kisha azibane mbilimbili kwa mikono, mzunguko mzima, zijikalishe, ndipo anyooshe tena.

Beba spoku sita: tatu za nyuma kulia, mbili za nyuma kushoto, moja ya mbele, na chuchu zake (nati ndogo za kuzikazia kwenye rimu). Urefu hutofautiana kwa milimita chache na hizo chache zina maana, kwa hiyo pima kila upande. Zifunge kwa utepe kwenye bomba la fremu. Ila spoku ya kulia haiingii bila kutoa frii, na frii haitoki bila funguo yake maalumu. Nunua inayoingia kwenye frii yako hasa, kwa sababu meno ya ndani hutofautiana. Spana kubwa ya kuizungusha utaiazima gereji yoyote ya pikipiki. Funguo ile hutaipata.

UkingaJuu

Nitaongelea njia na majira.

Kipande cha Iringa hadi Makambako kifikirie upya. Ni barabara ya malori ya Tunduma, Zambia na Kongo, na mabasi yanayokimbizana na ratiba. Pembeni pa kukimbilia kwenye vilima ni padogo. Ushauri wangu ni kupakia baiskeli kwenye buti la basi Iringa, ushuke Njombe. Geuza usukani, toa pedali (ya kushoto hufunguka kinyume na kawaida, kwa kuzungusha kulia), laza upande wa mnyororo ukiwa juu. Simama hapo mpaka buti lifungwe, maana gunia la mchele likiwekwa juu ya kibadilisha gia safari imeisha kabla haijaanza.

Njombe hadi Makete ni zaidi ya kilomita 100 za kupanda na kushuka. Haina mpando mmoja mkubwa wa kujivunia. Unashuka mtoni, unapanda, unashuka tena, na jioni unakuta umepanda mlima mzima bila kuuona. Hesabu mita 300 za kwenda juu kwa saa, si kilomita. Gawa siku mbili. Makete hadi Isyonje ni karibu kilomita 100 nyingine, juu kabisa. Uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, hauna miti ya kukinga upepo. Nako siku mbili. Kabla ya kutoka Makete waulize madereva wa malori ya viazi hali ya barabara ya wiki hiyo. Wao ndio wanaojua daraja lipi limeliwa.

Majira: mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi mwishoni mwa Aprili, na maua ya Kitulo huchanua ndani ya mvua hizohizo. Huwezi kupata vyote. Udongo wa huku umetokana na majivu ya volkano; ukilowa hujaza nafasi kati ya tairi na breki mpaka gurudumu linasimama. Ukiamua kufuata maua, toa madigadi, beba kijiti cha kukwangulia, na weka siku mbili za akiba. Kwa safari ya kwanza ya peke yako ningechagua mwishoni mwa Mei au Septemba. Juni na Julai barabara ni kavu lakini usiku kuna jalidi, maji kwenye chupa yanaweza kuganda juu. Ukilala nje miezi hiyo unahitaji blanketi zito au begi la kulalia la nyuzi sifuri, na kitu cha kutandika chini, kwani baridi ya ardhini huingia kuliko ya hewani. Glavu ni lazima. Vidole vikifa ganzi huwezi kubana breki, na hapo tayari uko kwenye mteremko.

Maji yapo, vijito ni vingi, lakini ng'ombe nao ni wengi. Chemsha. Kwenye mita 2,600 maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, kwa hiyo yaache yatokote dakika tatu badala ya moja. Maharage usijaribu kupika huko juu, utamaliza mafuta ya jiko. Beba unga wa uji, karanga, sukari, mayai ya kuchemsha, na viazi mviringo utanunua popote.

Kulala: Makete mjini kuna gesti. Vijijini usijifiche porini na hema. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji kabla jua halijazama, jitambulishe, onyesha kitambulisho, uliza pa kulala. Mara nyingi utapewa uwanja wa shule, zahanati au parokia, na kijiji kizima kitajua wewe ni nani, ambao ndio ulinzi wenyewe. Ukitaka kuingia ndani ya hifadhi ya Kitulo na si kupita pembezoni tu, hilo ni suala la TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kuna kibali na ada. Liulizie mapema.

Rimu36

FundiFrii kasema vizuri kuhusu spoku, lakini kwa njia hii natofautiana naye kidogo juu ya kilicho cha kwanza. Gia zikikushinda utashuka na kusukuma, hakuna aibu. Breki zikikushinda hakuna cha kusukuma.

Kutoka uwanda wa juu hadi Kyela unateremka kama mita 2,000. Kilo 100 zikishuka mita 1,000 hutoa kilojuli 981. Ungeweza kuchemsha karibu lita 3 za maji kwa joto hilo. Sehemu huchukuliwa na upepo. Inayobaki yote huingia kwenye rimu. Mtu anayeshuka polepole huku kabana breki kidogokidogo muda wote ndiye anayeunguza zaidi, kwa sababu upepo haumsaidii na rimu haipati nafasi ya kupoa. Rimu ikichemka, gundi ya viraka hulegea, na tyubu hupasuka pembeni ya vavu. Ikipasuka ya mbele kwenye kona, ni hospitali.

Namna ya kushuka: acha baiskeli ikimbie kwenye sehemu iliyonyooka unayoiona mwisho wake, kaa wima upokee upepo kifuani, kisha bana kwa nguvu breki zote mbili muda mfupi kabla ya kona, achia. Usiingie konani ukiwa umebana ya mbele kwenye changarawe. Kila baada ya mita 200 au 300 za kushuka, simama. Weka tone la maji kwenye rimu; likichemka, kaa dakika kumi. Usimwage maji mengi kwenye rimu ya moto.

Kabla ya safari weka rula kwenye ukuta wa rimu. Ukiona umebonyea ndani, rimu imelika. Upepo wa tairi unaweza kuipasua kwa nje. Waya za breki badili zote na uangalie kichwa kinachokaa ndani ya mkono wa breki, ndiko zinakoanza kukatika nyuzi moja moja. Beba jozi mbili za raba za breki. Kila jioni chokoa punje za mchanga na vipande vya alumini vilivyokwama kwenye raba kwa ncha ya kisu, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyokula rimu.

Nyongeza kwa watakaosoma uzi huu wakiwa na baiskeli za Phoenix au Swala zenye rimu za chuma: zinabeba mzigo kuliko baiskeli hii ya dada, lakini rimu ya chuma ikilowa breki karibu hazishiki. Rungwe hunyesha hata wakati kwingine kumekauka. Kutoka Isyonje kushuka Tukuyu na mvua juu ya rimu za chuma, tembeza baiskeli kwa mguu.

PedaliZaKihesa

Asanteni sana. Nimekubali basi hadi Njombe, na krenki ya 22 nimeipata. Mawili yamebaki: upepo wa tairi na namna ya kupanga mzigo. Keria ni ya alumini, mifuko miwili ya pembeni, na nilikuwa na begi la mgongoni.

FundiFrii

Begi la mgongoni liache. Likiwa na kilo 6 litakuumiza makalio na kiuno, na kwenye mteremko linakusukuma juu ya usukani. Vitu vizito, yaani zana, chakula, jiko, viwe chini kabisa ya mifuko ya pembeni na mbele karibu na ekseli, mizani sawa kushoto na kulia. Hema au blanketi juu ya keria, ukilifunga kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu; haulegei kama kamba. Hakikisha mkia wa mpira haufiki kwenye spoku.

Keria za alumini hukatika pale mguu unapofungwa karibu na ekseli, na kinachoanza ni bolti kulegea. Weka bolti za milimita 5 zenye nati iliyo na plastiki ndani, beba nne za akiba, na zikaze kila asubuhi kabla hujapakia. Ukisikia keria inagonga, simama hapohapo.

Tairi za 26 kwa 2.0: nyuma psi 45, mbele 38 kwenye changarawe, ukifika lami ya Tukuyu ongeza 10 kila moja. Vavu ziwe za aina ya gari, ili kila fundi wa bodaboda aweze kukujazia. Tyubu mbili mpya zipake talki na uzifunge kwenye kitambaa, maana zikikaa na spana mfukoni hutoboka kabla ya kutumika. Solusheni, yaani gundi ya viraka, ikifunguliwa hukauka, kwa hiyo beba tyubu ndogo mbili ambazo hazijafunguliwa, msasa na viraka kumi. Tairi moja la akiba si lazima. Badala yake kata kipande cha sentimita 10 cha tairi kuukuu jembamba, unakiweka ndani pale tairi likichanika kwa jiwe.

UkingaJuu

Tukuyu ukiondoka mapema, joto litapanda kila unaposhuka, kama nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Upepo wa tairi nao hupanda kwa joto la hewa na la breki, kwa hiyo hizo psi 10 ongeza asubuhi tairi likiwa baridi, na usizidishe.