Naomba ushauri: PAC-1 inawaka hata kwenye chembe sahani zilizotulia

Wakuu heshima kwenu, mwenye uzoefu na kingamwili za integrini (protini za juu ya seli zinazoshikia vitu) anisaidie maana nakaribia kukabidhi ripoti na nimekwama. Nafanya flo saitometri (kupima seli moja moja kwa mwanga) ya chembe sahani, zile za kugandisha damu, kwa PAC-1, kingamwili inayotambua integrini alfaIIb-beta3 ikishafunguka tu, na pembeni naweka ya CD61 ambayo yenyewe inashika tu, iwe integrini imekunjwa au imefunguka. CD61 iko poa, shida PAC-1 inawaka hata kwenye damu ambayo sijaweka ADP (kemikali ya kuziamsha chembe), nikiweka inapanda kidogo tu. Mwanzo nilitumia tyubu ya EDTA (ya kuzuia damu isigande) sikupata kitu, nikaambiwa EDTA inafunga kalsiamu na bila kalsiamu PAC-1 haishiki, nikahamia tyubu ya sitreti, nayo ya kuzuia kuganda, ndo haya yakaanza. Nahisi chembe zinaamka zenyewe nikizizungusha kwenye sentrifuji kuziosha, hivi vitu mkono ukiwa mzito kidogo tu vinaamka. Je, niache kuosha nitumie damu nzima iliyozimuliwa na bafa? Na kontroli ya peptidi ya RGDS (kipande kifupi cha protini kinachoziba pale fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, inapokaa) inatosha, kwa vile PAC-1 inagombania palepale? Sitaki kabisa kuandika majibu ambayo mwenyewe siyaamini.