Remoti za nyuma kwenye Kubota ndogo: vali mpya, kugawa ya loda au pampu ya PTO?

Viazi_Njombe
Wakuu habari za mihangaiko. Nina Kubota ya L, mtumba wa Japani, mbele ina loda (ile mikono yenye kijiko cha kuchotea) ila nyuma hakuna remoti, yaani hata tundu moja la kuchomeka mpira wa hidroliki, ni ile mikono mitatu ya kunyanyulia jembe tu basi. Nimepata tela la kutipa la kubebea samadi, na msimu ujao nataka plau ya kugeuza kwa jeki ya hidroliki maana shamba liko kwenye mteremko, nataka udongo ulalie upande wa juu kwenda na kurudi. Fundi wa kwanza kasema nigawe mafuta ya loda, wa pili kasema nifunge vali mpya, wa tatu kasema niachane na hidroliki ya trekta niweke pampu ya PTO, inayozungushwa na ile shafti ya nyuma ya trekta. Mliowahi kufunga nisaidieni.

HoziNaFitingi
Mkuu anza na vifaa vyako. Tela linataka mpira mmoja, linapanda kwa mafuta linashuka kwa uzito wake. Plau ya kugeuza inataka mipira miwili. Kwaiyo unahitaji angalau jozi moja kamili ya matundu, na ukiweka mbili hutajuta.

Kugawa ya loda: unabonyeza swichi, mafuta yaliyokuwa yanaenda kukunja kijiko yanaenda nyuma. Fundi anayejua anafunga siku moja. Ukitumia nyuma kijiko hakichezi, lakini nani anakunja kijiko huku analima? Ila hakikisha hiyo vali inakaa upande wa trekta, kabla ya kapla (viungio vya mipira) za loda, la sivyo siku ukivua loda umevua na remoti zako.

Vali mpya ndo mimi naipenda. Pampu ya hizi ndogo ni ya gia, mafuta yanazunguka muda wote, yanatoka pampu yanapita vali ya loda afu yanaenda mikono mitatu ndo yanarudi. Vali mpya inakaa katikati ya loda na mikono mitatu, na LAZIMA iwe na milango mitatu: wa kuingia, wa kupeleka mafuta mbele kwenye mikono mitatu, na wa kurudi tenki. Ukinunua ya milango miwili umeumia.

MamaSamadi
Hapo kwenye milango mitatu msikilize sana kaka, mimi yalinikuta. Fundi wangu alichukua mlango wa kurudi tenki akauunga kwenda mikono mitatu, trekta ikawaka, plau ikapanda vizuri tukashangilia. Siku ya pili tumenyanyua rotaveta (mashine ya kusaga udongo) nzito, sili za vali zikapasuka, mafuta yakaruka mpaka kwenye kiti. Upande wa kurudi haujatengenezwa kubeba presha, na mikono mitatu ikinyanyua mzigo presha inarudi yote pale. Ilibidi ninunue vali nyingine.

Babu_Massey
Kwa Massey 135 na 240 habari ni tofauti vijana. Pampu iko ndani ya ekseli ya nyuma, unaweza kutoa bomba moja la tela kwenye kifuniko cha juu na likafanya kazi, ila mikono ikiwa haina mzigo itapanda yenyewe kwanza ndo tela lifuate. Sisi tunaifunga na cheni. Jeki ya plau ya kugeuza kwa bomba hilo moja sahau.

Shamba_Rombo
Mbona hamuitetei pampu ya PTO? Ina tenki lake na mafuta yake, hugusi mfumo wa trekta. Kwenye hizi ndogo mafuta ya hidroliki ndo hayo hayo ya giaboksi, ukichomeka tela la kuazima ambalo jeki yake ina maji na mchanga umeviingiza kwenye gia zako. Na jeki ya tela ikimeza lita 6, hizo lita 6 zimetoka kwenye giaboksi, tena umesimama kwenye mteremko.

HoziNaFitingi
@Shamba_Rombo uko sahihi kwenye uchafu na kwenye kimo cha mafuta, ndo maana kijiti cha mafuta kiangaliwe na tela likiwa limenyanyuliwa, na bodi iwekewe nguzo ya chuma kabla mtu hajaingia chini yake, usiamini mpira hata siku moja. Ila pampu ya PTO inakula PTO, na ukiwa na mashine inayohitaji vyote viwili umekwama.

Mleta mada, kingine: ukitumia vali ya njia mbili kwa tela, wakati wa kushusha pampu inasukuma mafuta upande ule mwingine ambao kapla yake imefungwa, vali ya usalama inafunguka, trekta inalia na mafuta yanachemka. Omba vali ambayo liva moja ina nafasi ya nne ya kuelea, yaani mafuta yanapita huru bila kusukumwa, tela linashuka lenyewe kimya. Na jeki ndogo kama ya plau weka kibana mafuta cha kupunguza kasi. Jeki ya milimita 63 yenye mwendo wa milimita 200 inajaa kwa mafuta lita 0.6 tu, pampu ya lita 25 kwa dakika inaimaliza kwa sekunde moja na nusu. Plau ikigeuka kwa kasi hiyo inavunja pini.

MamaSamadi
Na ukitafuta panapovuja tumia kipande cha boksi, USIPITISHE MKONO. Mafuta ya presha yanatoboa ngozi kama sindano, kidonda kinaonekana kidogo lakini ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Viazi_Njombe
Asanteni sana, mmenifumbua macho. Nafunga vali mpya ya liva mbili, moja ya kuelea kwa ajili ya tela, milango mitatu, kapla za nusu inchi maana tela lina hizo. Jumamosi navua kifuniko chini ya kiti nione bomba la kwenda mikono mitatu limepita wapi. Swali la mwisho, bomba la kurudi nilirudishe kwenye tundu la kujazia mafuta au kuna mahali pazuri zaidi?

HoziNaFitingi
Tundu la kujazia linafaa ukichonga fitingi yake, ila upumuaji wa giaboksi usiuzibe. Ukishavua tupia picha hapa kabla hujakata bomba lolote.