Vipimo vya bei nafuu vya kujipima virusi nyumbani: ungenunua, ungeenda maabara, au ungejifungia tu?

Nahodha wa Jahazi (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Swali hili limenikaa kichwani tangu enzi za Korona. Tuseme janga limeingia, na dukani kuna kipimo cha kujipima mwenyewe: unachokonoa pua, unadondosha matone, unasubiri dakika 15. Bei si ya kutisha. Ungetoa pesa yako mfukoni?

Ninavyoona mimi, ushindani ni wa njia nne. Kuna hicho kijiti cha antijeni, kinachotafuta protini za kirusi. Kuna PCR ya maabara, ambayo ndiyo baba lao, lakini unapanga foleni na majibu yanakuja kwa wakati wake. Katikati ya 2020 kuna watu Marekani walisubiri zaidi ya wiki, yaani jibu linafika mtu keshapona. Kuna vimashine vya nyumbani vinavyotafuta vinasaba vya kirusi kama PCR, cha kwanza kiliruhusiwa Marekani Novemba 2020, ila bei yake imechangamka. Halafu kuna njia ya wengi: hupimi, ukijisikia vibaya unajifungia na barakoa yako.

Mimi nipo na kijiti. Mwaka ule ule Michael Mina, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard, alishikilia kwamba kipimo cha bei rahisi unachokirudia mara kwa mara kinaweza kukata maambukizi kuliko kipimo bora unachofanya mara moja ukakaa kungoja majibu. Hoja ile ilinishika hadi leo. Karibuni mnikosoe.

MamaPacha

Nimenunua sana, na kesho ningenunua tena. Nilikuwa naishi na mama mkwe, kifua chake hakitaki mchezo. Asubuhi moja pacha mmoja akaamka na mafua. Nikampima: mstari mmoja, yaani hasi. Nikashusha pumzi. Kesho yake nikarudia, nikaona kama kivuli pale penye T, unapotokea mstari wa pili wa chanya. Baba watoto akasema hakuna kitu, ni macho yangu tu. Wifi akakipeleka dirishani, akakimulika na tochi ya simu, akasema, "Kaka, kipo hiki." Tukabishana juu ya mstari mwembamba kama unywele mpaka chai ikapoa. Nikaamua kipo, nikamhamishia mtoto chumba cha nyuma. Jioni homa ikapanda.

Pesa yangu ilininunulia saa kadhaa za kumtenga mtoto kabla hajaenda kujilaza mapajani kwa bibi yake. Maabara majibu yangetoka keshokutwa.

Siafu

Mimi sinunui, hata mkinipunguzia nusu.

Mnazungumza kama watu wenye mshahara. Mimi nisipotoka sili. Nikijipima nikakuta mistari miwili, nifanye nini? Nikikaa ndani siku kumi nani ananilipa? Nikitoka, sasa natoka huku najua, na hiyo dhambi nyingine. Bora nisijue, nivae barakoa, nikae mbali na wazee.

Fundi Darubini

MamaPacha uliamua sawasawa. Kazi yangu ni maabara, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hilo la mstari hafifu. Mstari hafifu ni mstari, alimradi umeusoma ndani ya muda ulioandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Ukikisahau mezani ukarudi baada ya saa mbili ukakuta kivuli, hicho tupa, upime upya.

Sasa tusilinganishe PCR na antijeni kana kwamba ni kitu kimoja, kimoja kizima na kingine kibovu. PCR inachukua kipande kidogo cha vinasaba na kukirudufu mara mamilioni, kwa hiyo inanasa hata mabaki: mtu amepona, amerudi kazini, na wiki kadhaa baadaye bado inamwita mgonjwa. Kijiti cha antijeni hakirudufu chochote. Kinangoja protini za kirusi ziwe nyingi za kutosha kupaka mstari. Ndiyo maana siku za mwanzo kinaweza kukupita, na ndiyo maana kikisema chanya mara nyingi uko kwenye zile siku za kuambukiza wenzako. Kujua kama umeugua, nenda PCR. Kujua kama leo uende kumsalimu bibi, kijiti kinatosha, ukikitumia inavyotakiwa.

Na hapo kwenye "inavyotakiwa" ndipo watu wanapolikoroga. Kijiti kinaguswa na vidole, matone yanapunguzwa au kuzidishwa, boksi linaachwa juani ndani ya gari wakati vipimo vingi vimeandikwa vihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30. Desemba 2020 mwanasiasa mmoja alisimama bungeni Austria akadondosha soda ya kola kwenye kipimo, kikatoa chanya, akadai vipimo ni utapeli. Soda ina asidi, na asidi inaharibu kingamwili zilizopakwa kwenye ule ukanda. Kile kichupa cha maji mnachokitupa ovyo kazi yake ni kutuliza asidi. Hata maji ya limau yangefanya vile vile.

Siafu nitakurudia, hoja yako si ya kubeza.

Mzee wa Hesabu

Nahodha, umeuliza bei lakini hukuuliza wakati. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliweka kiwango cha chini: kipimo cha antijeni kinase angalau 80 kati ya wagonjwa 100, na katika wazima 100 kisiwasingizie zaidi ya 3. Chukua hicho uwapime watu 1,000.

Ugonjwa ukiwa haba, tuseme wagonjwa 10 tu, kitawanasa 8. Lakini katika wale wazima 990 kitawasingizia kama 30. Una chanya 38, na 30 kati yao hawana kitu. Sasa moto umewaka, wagonjwa ni 200. Kitawanasa 160, kitawasingizia 24. Safari hii chanya unaiamini, bali hasi ndiyo ya kutilia shaka, kwa sababu wagonjwa 40 wamepita katikati ya vidole wakishangilia mstari mmoja.

Kijiti ni kile kile, boksi lile lile. Kwa hiyo mimi nanunua wimbi likipanda, au nikiwa na dalili. Kujipima kila Jumatatu wakati mtaani hakuna mgonjwa ni kutafuta kesi.

Fundi Darubini

Mzee shikamoo. Hesabu imekaa, ila vijiti vingi vilivyopita ukaguzi vilisingizia watu pungufu ya hao 3. Udhaifu wao mkubwa ulikuwa kukosa wagonjwa. Ndiyo maana Agosti 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilishauri mwenye dalili akipata hasi arudie baada ya saa 48, na asiye na dalili aliyekuwa karibu na mgonjwa apime mara tatu, kila baada ya saa 48. Anayekwambia bei ya kipimo kimoja amekutajia nusu au theluthi ya bei.

Chiriku

Hilo la kurudia mimi nililipia. Nilipima asubuhi, hasi, nikaenda kwenye shughuli ya ndugu nimejaa tele, kukumbatiana kwa kwenda mbele. Usiku nikaanza kutetemeka. Kesho chanya, mstari mwekundu hadi unang'aa. Nikawapigia simu mmoja mmoja, watu kumi na wanne, na aibu ya ile simu ya kwanza siisahau. Nisingekuwa na kile kijiti pengine ningevaa barakoa na kukaa pembeni. Kilinipa ujasiri ambao sikuwa nao.

La pili ni uchakachuaji. Niliagiza mtandaoni kwa muuzaji ambaye simtaji, boksi likaja na stika imebandikwa juu ya tarehe. Nikaibandua kwa ukucha: kipimo kilikwisha muda miezi saba nyuma. Tangu hapo nanunua kwenye duka la dawa tu, hata kama ni ghali kidogo.

Fundi Darubini

Stika ya muuzaji usiikubali kamwe. Ila kuna vipimo ambavyo muda wake uliongezwa rasmi baada ya watengenezaji kuthibitisha kuwa bado vinafanya kazi, na orodha ilitangazwa na mamlaka. Unaangalia namba ya toleo kwenye orodha yenyewe.

Kibuyu Kitupu

Mbona mnabishania bei kama vile lazima inunuliwe? Uingereza ilivigawa bure kwa kila mtu mpaka mwishoni mwa Machi 2022. Austria kuanzia Machi 2021 ilitoa vitano kwa mwezi kupitia maduka ya dawa. Marekani Januari 2022 ilianza kupeleka vinne kwa posta kwa kila kaya iliyoomba. Na hao Wamarekani walichelewa: Desemba 2021 Omicron, ile aina mpya ya kirusi cha Korona, ilipopanda, rafu za maduka zilikuwa tupu. Siku unayokihitaji ndiyo siku ambayo kila mtu anakihitaji, kwa hiyo hata mwenye pesa alikosa.

Kirusi kinapita kwangu kwenda kwa jirani. Nikijipima, anayefaidi zaidi ni jirani. Kwa nini nilipe mimi peke yangu?

Nahodha wa Jahazi

Kibuyu, bure nayo ina lake. Mtu anachukua maboksi sita yanaozea kwenye droo. Bei ndogo inamfanya afikirie kidogo.

MamaPacha

Nahodha, anayefikirishwa na bei ndogo ni yule asiyenacho. Mwenye nacho atajaza hiyo droo hata ukivipandisha bei.

Nahodha wa Jahazi

Hapo umenibana dada. Nafuta kauli.

Fundi Darubini

Siafu, nilisema nitakurudia. Mwaka 2020 ungekuwa na haki karibu yote: chanya ilimaanisha kaa ndani, basi. Lakini mwisho wa 2021 kulipatikana vidonge vya Paxlovid, dawa ya Korona, kwa walio hatarini, na sharti lake ni kuanza ndani ya siku tano tangu dalili. Mtu wa kisukari aliyejipima siku ya pili yumo. Aliyengoja foleni, akangoja majibu, anafika siku ya saba na karatasi yake safi ya PCR, dirisha limefungwa. Kipimo kinapata thamani pale majibu yake yanapofungua mlango fulani. Kama hakuna dawa wala fidia ya siku za kukaa ndani, hata mimi nisingekulaumu.

Jambo la mwisho, kijiti cha nyumbani hakina barua. Kazini au uwanja wa ndege walitaka jina lako na muhuri, na hapo PCR haikuwa na mpinzani kwa muda mrefu. Marekani ilikuja kukubali kwa wasafiri vipimo vya nyumbani vilivyofanywa mtu akisimamiwa kwa video, lakini hiyo video nayo inalipiwa.

Siafu

Angalau wewe umenielewa. Sasa nikuulize: huyo wa kisukari ni mama yangu, nakaa naye. Kwa hiyo kipimo si changu, ni chake?

Fundi Darubini

Ndiyo. Yeye apime akisikia dalili siku hiyo hiyo, asingoje kuzidiwa. Na wewe kabla ya kuingia kwake ukiwa na mafua. Akipata hasi na homa ipo, arudie baada ya siku mbili, na hiyo siku ya katikati muishi kana kwamba ni chanya.

Siafu

Basi wauze viwili kwenye boksi moja. Ukiniuzia kimoja kikatoka hasi, cha pili sirudi kununua, nakwambia ukweli.